Mizunguko Ishirini na Saba

Ukiingia kwenye chumba chetu cha mbele ukamkuta mama anahesabu, usisalimie. Wateja wetu wote wanalijua hilo. Mtu atafika mlangoni na feni yake kwapani, mdomo keshaufungua apige hodi, lakini akiona mkono wa mama unazungusha waya na midomo inacheza, anaufunga na kusimama hapohapo mpaka koili, yaani ule waya unaosukwa, imalizike. Mzee mmoja aliwahi kusimama hivyo dakika kumi nzima na pampu begani. Alipoitua akasema nyumba hii ina adabu kuliko mahakama.

Mama ni fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua, iwe ya feni, ya blenda au ya pampu ya maji, yeye huifungua, hukata waya wa shaba ulioungua na kusuka mwingine mahali pake. Kazi yenyewe haina miujiza. Ni kuzungusha waya kwa idadi ileile inayotakiwa, si mzunguko mmoja zaidi wala mmoja pungufu, ndiyo maana anahesabu kwa sauti. Akimaliza huchukua kalamu yake ya risasi, fupi, imejaa alama za meno, akaandika idadi kwenye kikadi na kukifunga kwenye mota kwa uzi. Sheria ya kikadi ni moja tu nyumbani kwetu: aliyehesabu ndiye anayeandika, na kilichoandikwa hakirudiwi kuhesabiwa. Mota ikishafungwa, ndani hakuonekani tena. Kinachobaki nje ni neno lako.

Mimi nimekulia ndani ya hesabu hizo. Nilijua kuhesabu mpaka mia tatu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, nikaosha vyombo, kisha nikakaa kwenye kigoda mkono wa kushoto wa mama na kazi ikaanza. Darasani waliniita Fundi Mdogo. Jina lilinikaa vizuri, sikatai, na polepole kichwa nacho kikaanza kuvimba.

Wiki tatu kabla ya maonyesho ya sayansi, mwalimu wetu wa sayansi alikuja nyumbani na kigari cha rimoti mkononi. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole, magurudumu ya nyuma manene, ya mbele membamba, mwili hakina, mifupa mitupu. Sisi wa darasa la sita tulikuwa tumekiunga wenyewe kwa mwezi mzima kutokana na vigari vitatu vibovu. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa mota, ambayo iliungua zamani kabla haijatufikia. Mwalimu akamwomba mama aisuke upya.

Mama hakuuliza kigari kinatakiwa kwenda kasi gani. Aliuliza, "Nani atakiendesha?"

Mwalimu akaeleza kwamba kwa mujibu wa sheria ya mashindano ya vigari kati ya madarasa, yatakayofanyika siku ya maonyesho, dereva lazima awe mwanafunzi ambaye hajawahi kushika rimoti maishani mwake. Tulikuwa tumeshapiga kura ya vikaratasi, ikamwangukia Kobe.

Kobe nilikaa naye dawati moja. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu kila kitu alikifanya taratibu: kuandika taratibu, kula taratibu, hata kucheka alicheka wakati wenzake wameshasahau kichekesho. Baba yake ni kinyozi, mwenye kibanda chenye viti viwili karibu na shule. Tangu tuanze shule Kobe hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, si mpira, si kwaya, si hata kufuta ubao. Siku ile kura ilipomwangukia aliniuliza kama nina hakika kikaratasi kile ni chake. Jioni alimwambia baba yake, na baba yake akaapa kwamba siku ya maonyesho atafunga kibanda ili aje kumwangalia. Kinyozi yule hakuwa amefunga kibanda hata siku aliyong'olewa jino.

"Basi ni mizunguko ishirini na saba," mama akamwambia mwalimu.

Akatuonyesha vipande viwili vya waya, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Kile kiini kinachozunguka ndani ya mota ndogo kama ile kina mikono mitatu ya chuma, akasema, na kila mkono unavishwa waya kwa idadi sawa. Ukivisha waya mnene mizunguko michache, tuseme kumi na mitatu, umeme unapita kwa wingi. Mota itaruka kwa kasi, lakini itachemka na kula betri upesi, na mkono wa dereva ukitetemeka kidogo tu, kigari kimeshafika ukutani. Hiyo ni ya watu walioendesha miaka. Ukivisha waya mwembamba mizunguko ishirini na saba, mota inaanza kwa upole, haikurupuki, na betri inadumu.

"Anayeanza lazima akosee," akamalizia. "Mpe mota ya kumpa nafasi ajirekebishe."

Mwalimu aliridhika. Mimi sikuridhika. Wiki hiyohiyo darasa la saba walikuwa wamejaribu kigari chao uwanjani, kikapita mbele yetu kikiacha vumbi, na mmoja wao akatuuliza kama chetu tutakiendesha au tutakisindikiza. Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa mtoto wa fundi, mota zimelala kitandani kwetu kama paka, halafu darasa langu lije na kigari cha kusindikizwa.

Siku ya pili yake mama aliitwa nyumba ya jirani kwenye pampu iliyogoma. Kabla hajatoka aliweka ile mota mbele yangu, pamoja na waya mwembamba na kikadi kitupu. Akaniambia leo nisuke mwenyewe, nihesabu mwenyewe na niandike mwenyewe. Alisema kawaida tu, huku anatafuta bisibisi yake, lakini mimi nilielewa. Mwaka mzima nilikuwa naingojea siku hiyo.

Nilisafisha kiini, nikaukunjua waya mwembamba, nikaanza. Nilipofika wa tisa nikasimama. Waya mnene ulikuwa juu ya rafu, najua mahali pake hata ukinifumba macho. Nilijiambia mama hajui mambo ya vigari, yeye ni fundi wa feni. Nilijiambia Kobe atazoea tu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku hiyo halikusikia kitu. Nikaufungua waya mwembamba, nikasimama juu ya kigoda, nikautoa ule mnene.

Nilisuka vizuri, hilo niliseme. Mikono yote mitatu, kumi na mitatu, kumi na mitatu, kumi na mitatu, nikihesabu kwa sauti kama nilivyofundishwa. Nikalehemu ncha, nikapaka vanishi, ikakauka, nikaifunga mota. Kisha nikachukua kalamu ya mama na kuandika kwenye kikadi: mizunguko 27. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kupita siku zote.

Mama aliporudi mikono yake ilikuwa na matope. Hakuigusa mota. Aliinama akakisoma kikadi, akakisoma tena, akatabasamu. Halafu akaniambia ile kalamu ya risasi niichukue, sasa ni yangu, yeye atanunua nyingine. Chakula cha jioni hiyo sikukimaliza. Mama alidhani ni furaha.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika baada ya masomo. Tulipanga chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, na dereva alitakiwa apite katikati yake, kushoto, kulia, kushoto, bila kuangusha hata moja. Kobe aliishika rimoti kwa mikono miwili kana kwamba imejaa maji na anaogopa kuimwaga. Akasukuma kidogo, kidogo sana. Kigari kikaruka.

Kiliangusha chupa mbili, kikapinduka. Wote wakapiga kelele za furaha, kwa sababu kasi ilikuwa ya ajabu, na mimi wakanipiga mgongoni na kuniita bingwa. Kobe aliomba radhi kwa chupa. Akajaribu tena, na tena. Kila mara alisukuma kidogo, na kila mara kigari kilitoka mbio kabla hajajua kinaelekea wapi. Kufikia siku ya tatu alikuwa anafuta viganja kwenye shati kila mara kabla ya kuwasha. Wenzetu waliacha kucheka, wakaanza kunung'unika kwamba mota ni safi ila dereva ni mzigo.

Siku ya nne kigari kilimponyoka kabisa. Kando ya uwanja msichana mmoja wa darasa la kwanza alikuwa amechuchumaa anafunga kiatu. Kilimpiga kwenye mfupa wa mguu. Hakulia papo hapo. Aliutazama mguu wake kwanza, akaona damu, ndipo akalia. Mwalimu akambeba mbio mpaka ofisini, wakamsafisha na kumfunga bendeji. Kobe alibaki amesimama palepale na rimoti mikononi. Hakuna aliyemkaribia, hata mimi.

Alasiri hiyo mwalimu alimfuata mama. Nilikuwa kwenye kigoda changu. Akaiweka mota mezani, kikadi kikining'inia, akasema kwa upole kwamba hataki kumkosea fundi heshima, lakini mota inachemka mno na betri haimalizi hata robo saa. Je, hakuna lililokosewa katika kusuka?

Mama akaizungusha kwa vidole, akaiunga kwenye betri kidogo, akaisikiliza. Nikaona kipaji cha uso wake kimekunjamana. Akanigeukia.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, mama."

"Uliandika ulichohesabu?"

Mwalimu alikuwa ananitazama, mama alikuwa ananitazama, na kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Ndiyo."

Mama akaizima mota na kumrudishia mwalimu. Akamwambia kikadi hicho kimeandikwa na mwanawe, na kama kimesema ishirini na saba basi ni ishirini na saba. "Mota ni nzima," akasema. "Kosa tafuta kwa dereva."

Kesho yake Kobe alinyang'anywa rimoti. Mwalimu hakumfokea, alimwita pembeni, akamweleza kwamba usalama wa watoto ni muhimu kuliko mashindano, na kwamba si kila mtu ana mkono wa kuendesha. Kisha akatafuta mwingine ambaye hajawahi kuendesha. Akanitazama mimi. "Fundi Mdogo, shika wewe."

Nikashika. Niseme nini? Ningekataa kwa sababu ipi? Nikasukuma, na kigari kikanikimbia kama kilivyomkimbia Kobe, kikavunja safu nzima ya chupa. Lakini sikiliza maajabu ya watu. Kobe alipoangusha chupa mbili walisema hafai. Mimi nilipoangusha sita walisema bado sijazoea.

Kobe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa. Nilidhani amenuna. Alinifuata tulipokuwa tunaokota chupa, akaniambia kwa ule mwendo wake wa taratibu kwamba amegundua kigari kinavuta upande wa kulia kinapoondoka, basi nikigeuze kushoto kidogo kabla ya kusukuma. Alikuwa ameyaandika yote daftarini, kila kosa lake na sababu yake, kurasa tatu. Akanipa daftari.

"Utaweza," akaniambia. "Shida yangu mimi ni mikono tu. Hata baba alinifundisha kushika mashine ya kunyolea nikashindwa, kumbe ni shida ileile. Nimeshamwambia asifunge kibanda."

Hakuna aliyewahi kunipiga kofi likaniuma kama maneno hayo. Ningependa kusema kwamba nilikiri papo hapo. Sikukiri. Nilikaa na jambo lile siku mbili, likinitafuna. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, lakini mimi niliiona ndefu, na kila nilipopita mbele ya kibanda cha kinyozi nilivuka barabara. Siku ya pili nilimwona Kobe humo ndani. Baba yake alikuwa anampa ufagio afagie nywele, na yeye alikuwa anaushika kwa woga, anaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Alikuwa ameamini. Nilichomwibia hakikuwa rimoti tu.

Nikarudi shuleni mbio. Nikamwambia mwalimu naomba mota niende nayo nyumbani ifunguliwe. Akanipa. Nikapita kibandani nikamwomba kinyozi aniachie mwanawe kwa nusu saa. Kobe akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia twende akanihesabie.

Mama alikuwa anapaka grisi feni ya mteja. Sikumwamkia. Nilijikaza kisabuni, nikamkalisha Kobe kwenye kigoda changu, nikaifungua mota, nikakitoa kiini na kukiweka mbele yake. Nikafungua lehemu ya mkono mmoja, ncha ya waya nikampa ashike. Nikamwambia auzungushe nje taratibu na ahesabu kwa sauti.

"Moja," akasema Kobe.

Mama aliinua kichwa. Lakini mtu alikuwa anahesabu, na nyumbani kwetu mtu akihesabu hakuna anayesema. Akaweka grisi chini.

"Mbili. Tatu. Nne."

Kobe hakuwa na haraka. Kila mzunguko aliutoa, akaunyoosha, ndipo akautaja. Mimi nilikuwa nautazama ukuta. Mteja mmoja alifika mlangoni, akasikia hesabu, akasimama. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Nilitamani hesabu isimame na nilitamani iishe.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Waya ukamtoka mkononi, ukabaki unaning'inia. Kobe akakitazama kiini, chuma kitupu. Akakitazama kikadi. Akarudia kusoma kwa kidole, kama anavyosoma kila kitu.

"Labda nimeruka," akasema.

"Hukuruka," nikamwambia. "Ni kumi na mitatu. Mikono yote mitatu ni hivyo. Nilisuka mimi, na nikaandika uongo mimi, nikitaka tuwashinde darasa la saba. Mikono yako haina kasoro. Hakuna mtu angeweza kukiendesha kigari kile, hata mimi sikuweza."

Nilitegemea anifokee. Akawa anaviringisha ule waya kwenye kidole. Kisha machozi yakamtoka, bila sauti. Mteja aliyekuwa mlangoni aliiweka blenda yake chini polepole, akaondoka.

Mama ndiye aliyesimama kwanza. Hakuja kwangu. Alipiga magoti mbele ya kigoda, mama yangu, mtu mzima, grisi mpaka kwenye viwiko, akamwambia Kobe, "Mwanangu, ni mimi niliyemwambia mwalimu kosa atafute kwako. Nilisema bila kufungua. Nisamehe."

Kobe hakujua afanye nini. Watu wazima hawakuwa na kawaida ya kumwomba radhi. Akasema si kitu, mama. Mama akamjibu kwamba ni kitu, tena kikubwa, na kwamba kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kumwambia mwalimu, na baada ya hapo atakwenda kibandani kwa baba yake.

Ndipo akanigeukia. Ningetamani afoke. Alizungumza kwa sauti ya chini kabisa.

"Siku ile niliisikia mota inalia kwa sauti isiyo yake. Miaka yote hii masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Nikasema leo yamechoka, kwa sababu mwanangu amesema amehesabu. Nilichagua kukuamini wewe, nikayaacha masikio yangu."

Nililia mpaka kamasi. Mama hakunibembeleza. Alinyoosha mkono, nikatoa ile kalamu ya risasi mfukoni, nikampa.

Kisha akatukalisha wote wawili. Akashusha waya mwembamba. Mimi nikasuka, Kobe akahesabu. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, maana kila nilipokwenda haraka Kobe alisema ngoja, na ikanibidi ningoje. Ishirini na saba, mikono mitatu. Tulipomaliza, mama akampa kalamu Kobe. Kobe akaandika kikadi kwa herufi kubwa, akazipima kwa jicho, kisha akakifunga kwa uzi.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa na kusema yote. Sitaki kuwasimulia zaidi. Mtu aliyewahi kusimama hivyo anajua, na ambaye hajawahi asitamani. Yule msichana wa darasa la kwanza pia nilimwendea, nikampa pole na kumweleza. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikusema mapema. Mwalimu aliniondoa kwenye timu, akamrudishia Kobe rimoti, akamwomba radhi mbele ya wote.

Siku ya maonyesho kibanda cha kinyozi kilikuwa kimefungwa. Baba yake Kobe alisimama mbele kabisa, amesahau kitana nyuma ya sikio. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na mama. Kigari cha darasa la saba kiliondoka kwa kishindo, kikaangusha chupa nne, kikafika. Kigari cha darasa la tano kiliangusha moja. Chetu kiliondoka kwa upole. Mtu mmoja akasema kinasindikizwa, na watu wakacheka. Kobe hakusikia. Kushoto, kulia, kushoto. Mara moja kilielekea kwenye chupa, nikafumba macho, lakini alikuwa na nafasi ya kukosea na kujirekebisha, akajirekebisha. Kikapita chupa zote bila kugusa hata moja. Kwa upande wa muda tulikuwa wa mwisho, lakini kwa jumla ya alama za muda na za chupa tukawa wa pili. Kinyozi alipiga makofi mpaka kitana kikaanguka.

Kobe alitutafuta kwenye umati. Hakuniambia kitu cha maana, aliniambia tu betri haijaisha hata nusu. Kisha akanishikisha rimoti, akasema nijaribu na mimi, maana mota hii inamsubiri mtu. Nikapita chupa mbili, nikaiangusha ya tatu. Akacheka, tena safari hii alicheka kwa wakati.

Tulirudi nyumbani pamoja mpaka karibu na mlango. Hapo mama akaniambia kwamba kuchagua mota kunaanza kwa kumtazama atakayeishika, na ukichagua kwa ajili ya sifa zako atakayeumia ni yeye, wala hatajua kimemuumiza nini. Ataangalia mikono yake mwenyewe. "Kazi yetu imefungwa ndani, hakuna anayeiona," akasema. "Kwa hiyo ukiandika uongo juu yake, mtu asiye na kosa ndiye atakayelipa. Usiandike tena usichokihesabu."

Nikamwitikia. Nikamwuliza kama kalamu nitaipata tena. Akasema ataona.

Tangu siku hiyo kila koili ninayoisuka mama anaihesabu nyuma yangu, kwa sauti, wateja wakisikia. Mwanzoni niliona haya. Jana nilisuka ya feni, akaanza kunihesabia kama kawaida, akafika ishirini, akanyamaza. Nikadhani amepotea. Alikuwa ananitazama mkono. Kisha akaendelea: ishirini na moja. Na mimi nikahesabu pamoja naye mpaka mwisho.